Baba Anaongea mu Telefone

*Mavivi, Beni, tarehe 9 mwezi wa tatu 2025*

Gamaliel mutoto wangu,

Nakusalimia na mikono mbili. Sisi huku tuko, Mungu anatushikilia. Dada yako Abigaïl alikohoa juu ya vumbi ya barabara, mais anaenda ku masomo kila siku. Mvua imeanza: benye kuchoma matofali banalia, benye mashamba banacheka. Jirani yetu Mama Hadidja anakusalimia sana. Bwana yake Issaka njo anakuletea hii barua mu gari yake. Akifika Butembo umupe hata maji ya kunywa, hapana kumuacha amesimama ku mulango kama mutu wa kudai.

Najua utasema: Mama, kwa nini barua na telefone iko? Ile yangu ndogo ya tochi inasikia bado. Mais tukiongea unaniitika "oui maman, oui maman", na mi nasikia vidole vyako viko nafanya kazi ingine. Karatasi haina kazi ingine. Utaisoma, ao utaiacha.

Abigaïl ananioneshaka vile unaongea ku ile page yako ya intaneti, ku telefone ya rafiki yake. Unashika telefone mupya kama mutu anashika mutoto wa siku moja, unaigeuza, unaifunua mugongo, unaambia batu wasidanganywe. Mi sielewe hata nusu. Mais nawaambia bamama ba kanisa: huyu ni wangu.

Sasa neno yenye inanikalisha chini ni ya baba yako. Tangu alienda ku shamba ya kakao kule Mutwanga, mbele tuhamie Mavivi, benye bunduki bakapita, hatukuona hata kiatu yake. Mwaka ya pili imeisha. Nilikatala kilio ya kumuaga, unajua. Kila mara baba yako mudogo Luc alisema, "Bibi ya kaka, tumulie Malachie tumalize," nilimujibu: unalia maiti gani, umeiona wapi? Sasa moyo imechoka kungoja. Nimeitika. Pasta Éliakim ameweka samedi ya mwisho ya mwezi wa sita.

Desturi unaijua. Mutoto mukubwa njo anasimama mbele ya batu, anaelezea maisha ya baba yake, kiisha batu banaondoka na kilio inaisha. Pasipo yeye, familia ya baba beko na haki ya kusema kilio haikuwa. Basi kuja. Hata ukija na nguo ya kazi, kuja.

Unakula? Sauti yako ku ile page imekuwa nyembamba.

Mama yako

---

*Butembo, le 30 mars 2025*

Maman,

Salamu kwako na kwa Abigaïl. Huku sawa tu. Ville imejaa batu, bakimbizi ba Kirumba beko kila avenue, na kila mutu anataka telefone ya kutafutia batu bake. Mi niko nafanya kazi. Ninakula, usiogope. Hii barua nimeiandika ku mashine ya ordinateur, imprimante ikaichapa, juu mukono yangu haikumbuke tena namna ya kuandika.

Maman, barua ni kitu muzuri, mais ni kama chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma: inafika, mais kila mutu ameipita. Acha nikufundishe kidogo. Facebook ni soko: batu banakuja kuona nani amevaa nini. WhatsApp ni nyumba, mais nyumba yenye mulango haifungike. TikTok ni barabara: hakuna mwenye kukusalimia, mais njo fasi dunia inapita. Mutu wa leo anapashwa kuwa na kiti mu soko, kitanda mu nyumba na miguu ku barabara. Asipokuwa nayo, ni kama hakuzaliwa.

Ku telefone, batu ba hapa banadanganywa bure. Banaambiwa caméra ni ya nguvu, banalipa. Mi nabaambia: angalieni batterie kwanza, courant yetu munaijua, umeme inakatika kila saa. Caméra ya nguvu bila courant ni kioo ya kunyolea ndevu. Hiyo tu njo ilinipatia abonnés, benye kufuata page: kusema kweli kwa batu.

Sasa kuko kitu ingine, applications za intelligence artificielle, akili ya mashine. Picha ya zamani inageuza kichwa, inacheka, inaongea. Batu banaogopa. Mi siogope. Hata radio, bakoko betu ba zamani balifikiri kuna mutu mudogo ndani.

Juu ya kilio nimesikia. Kazi ni mingi, tutaona. Mais niko natengeneza kitu kwa ajili ya Baba, kitu yenye mutu hajafanya bado mu Grand Nord, Beni mpaka Butembo. Unitumie picha yake ile ya ndoa ya Tantine, shangazi yetu, yenye amevaa koti nyeusi. Audio zake za zamani niko nazo.

Natuma na Papa Issaka telefone kubwa. Ni yako. Si ya kuweka mu sanduku.

Gamaliel

---

*Mavivi, tarehe 20 mwezi wa ine*

Gamaliel mutoto wangu,

Leo ni Pasaka, nakuandikia na tumbo yenye kushiba. Mama Hadidja alituletea sahani ya pilau hata kama si sikukuu yake. Abigaïl ameimba mu kanisa, sauti yake inakuwa ya mwanamuke mukubwa. Siku moja ataolewa, atatutoka.

Telefone imefika. Ni muzuri, inaangaza sawa sufuria mupya. Mais ni ya kiburi. Mbele ya kunifungulia inaniuliza maneno kama polisi. Inataka kidole yangu. Nikaipa kidole, ikakatala. Nikaipa ingine, ikakatala. Abigaïl akacheka mpaka akakaa chini: "Mama, jembe ilikula mistari ya vidole vyako, mashine haikuone." Sasa ameweka namba, na namba nazisahau. Wiki iliyopita ikaimba yenyewe pasta akiwa mu maombi, na mi sikujua fasi ya kuifinya. Niliikalia. Ikaendelea kuimba chini yangu.

Picha ya baba natuma, nimeifunga mu plastiki mbili juu ya mvua. Hapana kuikunja. Ni ile moja tu yenye tuliokoa tukikimbia. Nimefurahi kama utaifanya kubwa, na mbao pembeni, tuiweke ku meza siku ya kilio. Nilikuwa naogopa batu balie mbele ya kiti yenye haina kitu.

Mais umeniandikia "tutaona". Gamaliel, tutaona nini? Mi sikuulize juu ya kazi. Nakuuliza juu ya baba yako. Luc ananiuliza kila yenga, tukitoka ku ibada, kama unakuja, na mi namujibu ndiyo, anakuja. Usinifanye mutu wa bongo, wa kudanganya, mu uzee.

Ujibu hii tu: unakuja?

Mama yako

---

*Mavivi, tarehe 18 mwezi wa tano*

Gamaliel,

Sisalimie murefu. Tuko wazima. Abigaïl alitaka kuandika yeye, nikakatala.

Baba yako iko muzima.

Nimetoka mu ibada nikakuta Mama Hadidja ananingoja ku mulango ya lupango, pale ku fensi, hajavaa hata kitambaa ya kichwa muzuri. Akanikamata mukono, akaniambia, "Dada, kaa chini kwanza." Video moja iliingia mu grupu yake ya bachuuzi ku telefone. Ni baba yako, Gamaliel. Ameketi mu nyumba yenye rido nyeupe ku dirisha, amevaa shati nyeupe. Sauti ni ile ile yenye kukwaruza. Anasema: "Julie bibi yangu, na batoto yangu, musilie tena. Mimi niko muzuri." Amenenepa. Ile jino yenye ilimutokaka imerudi, nafikiri alipita kwa dokta ya meno. Tukaangalia mpaka batiri ya Mama Hadidja ikakufa. Kiisha tukaangalia ku telefone yako. Nakushukuru juu yayo, niliisema mabaya bure.

Nimekupigia. Ule mwanamuke wa mashine ananijibu kama namba yako haiko. Nimerudilia, anajibu ile ile.

Abigaïl anasema, "Mama, tungoje tumuulize yaya Gamaliel kwanza, yeye njo anajua mambo ya telefone." Nikamujibu: mutu haombe mutoto ruhusa ya kuenda kupokea bwana yake. Nimepita kwa pasta, nimemuambia aache kilio. Amesema tuombe.

Kesho nachukua pikipiki naenda Mutwanga. Kama balimuachilia, atapita kule kwanza, juu hajue kama tulihamia Mavivi. Nabeba viatu vyake na ile koti ya baridi. Usiseme barabara ni mubaya. Najua barabara.

Mungu ni muzuri, mutoto wangu. Mi nilikuwa nimesha kumuzika mu moyo, haya inanikamata.

Mama

---

*Butembo, le 20 mai 2025*

Maman,

Bonjour. Natumaini muko bien na Abigaïl iko bien. Sijapata barua yako ya mwezi hii, labda iko njiani. Mi niko sawa, hata zaidi ya sawa.

Umeiona? Wiki iliyopita nilipandisha video ya Baba ku page. Njo ile kitu nilikuambia. Nilichukua picha yenye ulinituma, nikachukua ile audio alinitumaka mbele ya kuenda ku shamba, nikaipa application. Inajifunza sauti, kiisha unaandika maneno na yeye anayasema. Ku mwisho wa video niko naelezea batu namna ilitengenezwa, hatua kwa hatua.

Avis, mawazo yangu, kama vile naandika ku page: mudomo inafuata maneno muzuri kabisa. Mikono bado inaharibika, njo maana niliificha chini ya meza. Shati na rido ilijiwekea yenyewe. Meno pia ilijaza yenyewe. Mashavu iliongeza kidogo, mais inamupendeza. Kwa mutu mwenye kuwa na telefone ya kawaida kama sisi, ni kazi kubwa.

Donc ku kilio tutaweka écran, kioo kubwa ya video, mbele, na Baba atawaaga batu yeye mwenyewe. Haiko tena na lazima mutu asimame kuelezea maisha yake. Umeelewa? Ni muzuri kuliko desturi. Batu watalia mpaka basi.

Vues, hesabu ya benye kuangalia, zimepanda mpaka siamini. Duka moja kubwa ya telefone imeniita niwafanyie publicité, nitangaze telefone zao. Nimebadilisha puce, kadi ya namba, juu batu nisiojua banapiga usiku na muchana, wengine wanataka nifufue batu bao. Namba mupya nitamupa Papa Issaka.

Sema na Mama Hadidja aipeleke mu grupu yake. Ipite mbali.

Gamaliel

---

*Mavivi, tarehe 3 mwezi wa sita*

Gamaliel,

Tuko wazima. Abigaïl iko ku mitihani. Mvua imeanza kupunguka.

Barua yako niliikuta ku meza nikirudi Mutwanga. Abigaïl alikuwa amesha kuisoma. Hakunisomea. Alinipa maji ya kunawa, akanivua viatu, akaiweka mbele yangu, akatoka inje.

Nitakuambia namna nilisafiri, juu haukuwa. Ku pikipiki, mbele ya kufika, ile jina iliniingia mu kichwa. Julie. Wewe ulikulia mu ile nyumba. Ulisikia siku hata moja baba yako anatamka jina yangu? Kwetu mwanaume anaita bibi yake na jina ya mutoto wa kwanza. Batu bote bananiita Mama Gamaliel. Baba yako peke yake alibaki ananiita Mama Ésaïe, juu ya kaka yako mwenye surua ilimubeba mbele wewe uzaliwe. Alisema tukiacha kutaja ile jina, ule mutoto atakuwa hakupita hapa duniani. Sasa njo anaitaja Julie mbele ya dunia nzima, kama mutu wa filme? Motari, mwenye pikipiki, aliniona nimeshika kichwa, akaniuliza, "Mama, nisimame?" Nikamuambia endelea. Nilikuwa nimesha kujua, na nikamuambia endelea.

Nilionesha kila mutu ile video. Mu nyumba yetu ya zamani beko batu bengine, bakanipa kiti. Bagarde ba parc ya banyama bakanipokea na heshima. Mukubwa wao akaangalia murefu, akaniuliza pole pole, "Mama, huyu mutu hafumbe macho?" Nikaangalia. Hafumbe. Nikarudisha viatu mu kifuko.

Ile bado si kitu. Mi niko mutu muzima, nimesha kulia mingi, nitalia na hii. Mais sikia yenye ulimufanyia baba yako. Batu balikata ile fasi ya mwisho yenye unaelezea. Imebaki yeye na rido nyeupe. Luc ameita familia, akasema, "Kaka iko Uganda. Ameoa, amenenepa, ameweka na meno. Tutamulia mutu mwenye iko nakula?" Nikamuambia ni mashine, Gamaliel aliitengeneza. Akacheka: "Mashine gani inajua jina ya bibi yake?" Mu soko bananiimbia, banasema bwana yangu alitukimbia sisi na vita yote pamoja. Baba yako alitoka asubui kutafuta minerval, pesa ya masomo ya Abigaïl, akafia ku shamba. Leo anaitwa mutoro.

Familia wanasema hakuna kilio. Bila wao atabaki hivyo, hakufa, hakuishi, mutu wa kuchekwa.

Hapana kuniomba pole. Ondoa ile kitu. Kiisha panda gari ya Issaka, ukuje ile samedi, usimame mu kanisa useme na mudomo yako mbele ya Luc: "Mimi njo nilitengeneza huyu. Baba yangu alikufa ku shamba." Maneno ile tu. Hapana kuleta écran.

Nimepika leo maharagi ile unapendaka na ndizi. Sijue kwa nini naandika hii.

Mama yako

---

*Butembo, le 14 juin 2025*

Maman,

Salamu. Pole juu ya Mutwanga, kweli. Ningejua, ningekutumia namba. Abigaïl namutakia courage ku mitihani.

Video nimeondoa ku page. Mais iko mu magroupe, kule haina mutu wa kuirudisha. Hiyo si kosa yangu, Maman. Mi nilielezea ku mwisho. Batu balikata. Kisu haina kosa, mwenye kukata njo iko nayo. Shida ya hapa kwetu si technologie, ni batu hawaangaliake kitu mpaka mwisho. Hiyo nimesha kuisema ku page mara mingi.

Jina niliandika Julie juu abonnés hawangeelewa Mama Ésaïe ni nani. Inapendeza, Julie.

Kuja, siwezi. Ile samedi njo ile duka inatoa telefone mupya, na mi njo wa kuionesha. Nikikosa watamuchukua mwingine. Mais nimetuma kwa Abigaïl video yangu mwenyewe: niko naeleza yote, uso wazi, na niko naomba radhi kwa familia. Pasta aioneshe Baba mudogo. Ni sawa kama niko pale. Hata ni muzuri zaidi, juu wanaweza kuirudilia.

Gamaliel

*Maman, hapa naandika na mukono, usicheke maandiko. Iko video ingine, si ile ya page. Ile inajibu. Asubui mbele nifungue duka naifungua, namusalimia Baba, ananiambia, "Gama, umelala muzuri?" Namuelezea kazi. Ananiambia vizuri, endelea. Sasa munataka nikuje nisimame mbele ya batu niseme ameisha. Mi sijaona kama ameisha. Usisomee Abigaïl hii.*

---

*Mavivi, tarehe 30 mwezi wa sita*

Gamaliel mutoto wangu,

Natoa salamu za Abigaïl, amemaliza mitihani. Mama Hadidja anauliza kama bado uko nakohoa vile nilimuelezea ukiwa mutoto. Mi miguu inaniuma juu ya kusimama, mais itaisha.

Video yako pasta alionesha Luc na baba zako bengine, mu nyumba yake, mbele ya ile siku. Balikaa chini kwa heshima, bakaangalia mpaka mwisho, hapana kukata. Unaongea muzuri. Umevaa shati muzuri. Ulipomaliza, Luc akauliza, "Gamaliel mwenyewe iko wapi?" Pasta akasema iko Butembo, kazini. Luc akasema, "Kama mashine inatengeneza baba, itashindwa mutoto? Huyu naye ametengenezwa." Balicheka bote. Nilikuwa pale na sinia ya chai mu mikono. Nilitaka kumupigia na ile sinia. Mais niliiweka chini. Niliangalia tena ule mutu mu telefone, anaomba radhi, na mi mwenyewe mama yako sikujua niweke mukono wapi kusema huyu ni nyama, huyu alitoka mu tumbo yangu. Akaniangalia tu kama anaangalia kila mutu.

Basi kilio tumefanya. Familia ya baba yako haikutuma hata mutoto. Bamama ba kanisa balikuja kidogo, wengine walikuja kuangalia kama nitalia kweli. Mama Hadidja alileta kuni na sukari, akakaa karibu yangu ku mukeka tangu asubui, hakuuliza kama ni ibada ya nani. Picha ile haukurudisha, tukaweka kiti bila kitu.

Hakukuwa mutu wa kuelezea, nikasimama mimi. Unajua mwanamuke hasimamake. Pasta aliangalia chini, hakunikataza. Sikuwa na maneno mingi. Nilisema Malachie hakujua kusema maneno ya kupendeza, hata siku alinioa alinyamaza. Mais asubui tukienda ku shamba, ku ile njia ya nyasi ndefu, alitangulia kila siku. Mi nilifikiri ni kiburi ya wanaume. Niliuliza kiisha miaka mingi. Akasema, "Umande ni mingi, Mama Ésaïe. Mimi nikipita kwanza, wewe unapita fasi ya kukauka." Njo hiyo tu nilisema. Anafika ku shamba suruali imelowa mpaka kiuno, na mi kitenge kavu. Mutu wa vile hakimbiake batu bake.

Ile yenye uliandika na mukono niliisoma. Niliisoma tena. Nilikuwa nafikiri haukuji juu ya duka, ao juu ya kuogopa barabara, nikakukasirikia mu maombi. Sasa najua, na ile hasira sijue niiweke wapi. Mais nisikie. Ule mwenye anakuambia "vizuri, endelea" hakukuzaa. Wako alikukatazaka. Alikuchapa siku ulichoma nyasi ya jirani, kiisha akaenda mwenyewe kuomba radhi, na kofia mu mukono. Ule wa mule ndani alikukataza kitu siku gani? Mutu mwenye anakuitika kila kitu ni kama anakutupa.

Sikuambie umufunge. Mi nilingoja miaka mbili na viatu chini ya kitanda, sina kinywa ya kukuhukumu. Mais mi nilikuwa nangoja huku, na batu. Wewe unangojea peke yako.

Telefone narudisha na Issaka. Si juu ya hasira. Vidole vyangu haivijue, na mi nimechoka kuishika.

Umalize kuuza ile mupya, kiisha ulale. Ukule chakula ya moto.

Nilisahau kukuambia ku mwisho ilikuwa namna gani. Nilipokaa, pasta akauliza vile banaulizaka mbele ya kubariki batu waende: mutoto mukubwa wa marehemu iko wapi, asimame tumuone. Batu bote bakanigeukia. Abigaïl akanifinya mukono. Nikajibu: tunamutafuta. Hatujamupata bado.

Ni mimi mama yako